Ngazi Upande wa Jikoni

4 Januari

Mdogo wangu,

Hujambo na kazi zako za juu? Huku chini tuko wazima, mimi na cherehani yangu. Usinicheke kwa kukuandikia barua. Nimekupigia simu mara tatu, na mara zote tatu ulikuwa juu ya paa la watu, nyundo zinagonga, unaniambia "Nakusikia, dada," na husikii kitu. Barua haina nyundo.

Habari yenyewe ni paa. Juzi ilipita mvua ya dakika tano, hata vumbi haikulilaza vizuri, na bado ilipenya. Tone moja tu. Lingeweza kuanguka sakafuni, lingeweza kunidondokea kichwani, lakini lilichagua gauni jeupe la mteja, tena kifuani. Likaacha doa la kahawia, duara kabisa. Nimelifua kwa limau na chumvi, nimelifua kwa sabuni, doa linanitazama tu. Mwishowe nimekata kipande chote nikashona upya, na mteja hajui mpaka leo.

Nimechoka na paa hili. Najua baba aliliezeka kwa mikono yake. Lakini kutu imeanza kwenye miisho ya mabati, mfereji umejaa majani ya mti wa jirani, na siku hizi lina kelele ambazo sikuzizoea. Nafikiri niliezue lote, niweke jipya kabla mvua kubwa hazijaanza. Wewe ndiye fundi wa paa tuliyebakiwa naye katika familia. Nipe neno.

Na tangu tumzike baba ni miaka tisa, hujakanyaga hapa. Sikulaumu. Nahesabu tu.

Dada yako


15 Januari

Dada, shikamoo.

Usiezue. Nakuomba kama mdogo wako, na nakukataza kama fundi. Bati lile ni nene, la zamani. Haya ya siku hizi ukiyakoholea yanabonyea. Bati haliuawi na uzee, dada. Linauawa na kusahauliwa.

Anza na majani. Majani yaliyolowa yanakaa juu ya bati kama kitambaa kibichi juu ya kidonda, na chini yake kutu inakula polepole bila wewe kujua. Toa yote, kisha mwaga maji kwenye mfereji uone kama yanatoka upande wa pili. Mwombe jirani akate tawi linalogusa paa. Upepo ukivuma tawi linakwaruza, na palipokwaruzwa ndipo kutu inapopata mlango. Halafu bati lioshwe kwa maji, sabuni ya kawaida na brashi laini ya mpini mrefu. Brashi ya waya ni ya penye kutu tu. Ukiipitisha penye afya unalichuna bati ngozi.

Matundu usiyatafute kwa juu, utazunguka siku nzima. Ingia darini mchana jua likiwa kali, funga kile kifuniko nyuma yako, kaa gizani mpaka macho yazoee. Kila tundu litawaka lenyewe kama nyota. Weka alama ya chaki kwenye mbao iliyo karibu nalo.

Lakini juu usipande. Ufike darini tu. Hilo nakusihi.

Kelele zisikutishe. Bati likipata jua linatanuka, likipoa linajikunja, ndipo linalia ta, ta, ta. Si unakumbuka baba alivyokuwa akisema, "Paa linapiga miayo"?

Kuhusu miaka tisa: kazi, dada. Ni kazi tu.

Mdogo wako


27 Januari

Mdogo wangu, marahaba.

Majani nimeyatoa, ndoo saba. Ndani yake nimekuta kijiko, kandambili ya mguu mmoja na kiota chenye yai lililooza. Jirani amekata tawi, lakini kwa manung'uniko, ungedhani nimemwomba mkono wake.

Kisha nikaingia darini. Niliweka stuli juu ya meza, nikajivuta juu kama gunia. Ilikuwa inakaribia saa tisa alasiri. Nikafunga kifuniko, nikakaa juu ya boriti, na kweli, baada ya muda yakaanza kuwaka. Nikahesabu kumi na moja, mengi yamefuatana kwenye mstari wa skrubu. Nikawa naona ni pazuri, hata nikajisikia vibaya kuja na chaki.

Tundu la kwanza, la upande wa barabarani, likazimika. Nikadhani ni wingu. Lakini wingu lingeyazima yote. Hili lilizimika peke yake, likawaka tena, na la pili likazimika. Likawaka. Likazimika la tatu. Na kila moja lilipozimika bati liliitika kidogo, tk, vumbi likanidondokea usoni.

Yalikuwa yanazimika kufuata mbao, mdogo wangu. Sikiliza ninachokuambia. Mtu asiyejua angekanyaga popote. Huyu alikuwa anaweka mguu pale tu penye mbao chini yake, vile baba alivyokuwa akikufundisha ukanyage.

Alinipita juu ya kichwa. Akaenda moja kwa moja upande wa jikoni. Tundu la mwisho, lile la ukingoni, lilibaki giza muda mrefu. Nilihesabu mpaka mia na ishirini. Halafu akarudi kwa njia ile ile.

Niliposhuka nilitoka nje nikatazama. Paa tupu, linameta, halina hata ndege.

Sikukuambia kwenye barua ya kwanza, lakini hizi ndizo kelele nilizokuwa nazisema. Si ta, ta, ta. Ni mtu mwenye uzito wake, na huja kila siku, saa tisa.

Dada yako


6 Februari

Dada, shikamoo.

Barua yako nimeisoma nikiwa nakula, nikaacha chakula. Kisha nikajicheka. Ni kunguru, dada. Kunguru akitembea juu ya bati anakuwa na uzito wa diwani. Na giza la darini, na vumbi, na joto lile, mtu anaweza kuona lolote. Usiingie tena.

Matundu kumi na moja si mengi. Mwite Kobe. Unamkumbuka, yule tuliyejifunza naye kwa baba, aliyepewa jina hilo kwa sababu alikuwa anachukua nusu saa kupanda ngazi. Ni mzito lakini kazi yake hairudiwi. Mwambie hivi: kila skrubu ina kipande cha mpira chini ya kichwa chake. Mpira huo jua likiupiga miaka mingi unakauka na kupasuka, na maji yanapita hapo, si kwenye bati. Abadilishe zenye mpira uliokufa. Tundu likiwa limepanuka atie skrubu nene zaidi. Asilegeze na asikaze kupita kiasi; mpira ukitokeza kidogo pembeni, basi, inatosha. Penye kutu apige brashi ya waya, kisha msasa, afute vumbi, apake rangi ya kuzuia kutu, ikikauka apake ya juu mara mbili. Apake asubuhi, bati likiwa bado baridi. Rangi ikipakwa juu ya bati la moto inabanduka kama ngozi ya kitunguu. Na vipande vya chuma vitakavyoanguka akitoboa avifagie vyote siku hiyo hiyo, maana vikilala juu vinaota kutu na kuambukiza.

Avae viatu vya mpira.

Mdogo wako

Nimesahau. Umesema huyo kunguru huenda upande wa jikoni. Anafika mpaka wapi hasa? Nauliza kifundi tu.


19 Februari

Mdogo wangu, marahaba.

Kobe amekuja na ameondoka, na sidhani atarudi.

Alianza vizuri. Ngazi aliisimamisha upande wa barabarani, akapanda kwa mwendo wake ule ule wa zamani, nikapata muda wa kushona pindo zima kabla hajafika juu. Asubuhi yote alibadilisha skrubu. Mchana akashuka, akala, akanitania kwamba bado sijaolewa kwa sababu napima wanaume kwa futi. Akapanda tena.

Saa tisa nilikuwa kwenye cherehani. Nikamsikia anasema, kwa adabu kabisa, "Sawa, mzee."

Mara nikasikia anashuka. Kobe ameshuka, mdogo wangu, kama mtu aliyemwagiwa maji ya moto. Akaingia ndani na viatu.

"Dada, nani yuko juu?"

"Si wewe?"

"Nimeambiwa nisikaze sana."

"Na nani?"

"Nimeambiwa, 'Usikaze sana, mpira utapasuka.' Nyuma yangu hapa." Akajishika kisogo. "Nikajibu sawa mzee. Nikaendelea kufunga skrubu. Ndipo nikakumbuka niko peke yangu."

Akakaa kizingitini. Nilimpa maji, akayanywa yote. Akasema, kana kwamba hilo ndilo lililomuuma zaidi, "Na alisema kweli. Nilikuwa nakaza sana."

Ameacha safu tano za upande wa jikoni hazijaguswa. Vifaa vyake alimtuma mkewe avichukue.

Umeuliza anafika mpaka wapi. Anafika ukingoni kabisa, juu ya dirisha la jikoni. Anasimama. Halafu kuna sauti ndogo ambayo darini sikuisikia, naisikia nikiwa jikoni: kiatu kinapapasa nje ya ukingo wa bati. Kinatafuta kitu cha kukanyaga. Hakipati. Kinatafuta tena. Kisha anarudi, na kesho yake anakuja upya.

Sauti ya mtu sijaisikia mimi. Nasikia nyayo tu.

Sasa wewe ndiye uniambie, kifundi, kunguru gani huyo.

Dada yako


20 Machi

Mdogo wangu,

Mwezi mzima huniandikii. Nimepiga simu, mwenzako akasema upo, unakula, unafanya kazi, ila huongei. Kosa langu ni nini? Ni kwa sababu nimesema ni baba? Sikusema. Isome tena barua yangu, sikuandika jina la mtu.

Mawingu yameanza kukaa upande wa mlimani. Safu tano bado zina mipira iliyokufa.

Dada yako


28 Machi

Dada, shikamoo.

Hukuandika jina la mtu, lakini nililisoma.

Nimeanza barua hii mara nyingi. Leo sitaichana, nitaipeleka hivi ilivyo.

Siku ile baba alipofariki wewe ulikuwa umekwenda dukani kununua nyuzi. Mimi na yeye tulikuwa juu. Nilikuwa nimepewa safu nzima niifunge skrubu peke yangu, na kwa kutaka sifa nikazikaza zote kwa nguvu zangu zote, mipira ikapasuka mmoja baada ya mwingine. Akaja kukagua. Akaninyang'anya bisibisi mkononi. Watu walikuwa wanapita barabarani. Akasema kwa sauti, ili wasikie, "Wewe huna mkono wa fundi. Una kucha tu." Wapo waliocheka.

Nikashuka. Ngazi ilikuwa upande wa jikoni, pale juu ya dirisha. Nilipofika chini nikaiondoa, nikaipeleka nyuma ya stoo. Niliwaza: acha akae huko apigwe na jua kidogo, aone. Dakika kumi. Naapa kwa jina la mama, nilikusudia dakika kumi.

Nikaenda njia panda nikanywa soda. Nikakuta vijana wanacheza drafti, nikasimama kutazama. Mchezo ulikuwa mzuri, dada. Hilo ndilo siwezi kulisamehe, kwamba mchezo ulikuwa mzuri na nilikuwa nimemsahau kabisa.

Niliporudi alikuwa chini ya dirisha la jikoni. Alikuwa amejaribu kushuka kwa kuning'inia. Ukingo ulikuwa na alama za vidole kwenye vumbi. Alikuwa ameshakata roho, nilimgusa, lakini mwili bado ulikuwa wa moto kwa jua la juu. Hapakuwa na mtu. Nikaenda nyuma ya stoo, nikaileta ngazi, nikailaza ubavuni mwake. Kisha nikapiga yowe. Wewe ukatokea barabarani unakimbia na kibunda cha nyuzi mkononi, ukaona ngazi, ukasema, "Imeteleza." Nikaitikia, "Imeteleza." Watu wote wakasema imeteleza.

Ndiyo sababu sirudi. Si kazi.

Kila paa ninaloezeka, dada, siwezi kushuka mpaka nihakikishe hakuna mtu aliyebaki juu. Wenzangu wananitania, wananiita Karani, kwa kuwa kila jioni nawaita majina kama shuleni.

Nakuomba jambo moja. Isimamishe ngazi upande wa jikoni. Uiache hapo. Anatafuta njia ya kushuka.

Mdogo wako


5 Aprili

Mdogo wangu,

Barua yako imefika. Nimeisoma, nimeikunja, nimeiweka kwenye droo ya cherehani chini ya vitambaa.

Sitaandika mengi. Ninayotaka kusema siyawezi leo.

Ngazi sitaisimamisha mimi. Njoo uisimamishe mwenyewe. Na uje na skrubu za safu tano.

Dada


26 Aprili

Dada, shikamoo.

Nimefika salama. Basi lilipata pancha mara mbili, na abiria mmoja alikuwa na mbuzi aliyekula tiketi yangu, kondakta akataka kunishusha kwa kukosa ushahidi.

Nakushukuru kwa siku zile nne. Nilikuja nikitegemea unifukuze. Ulinipikia, ukanitandikia chumba changu, na hukuligusa lile jambo hata kwa kidole. Nilikuwa nakutazama ukishona, nikisubiri useme, wewe unauliza kama chai ina sukari ya kutosha.

Paa limekuwa zuri. Safu tano nimezifunga mwenyewe, na sikukaza sana. Kutu yote nimeipiga msasa mpaka bati likang'aa, rangi ya chini mara moja, ya juu mara mbili, asubuhi na mapema kabla jua halijapanda. Mgongo wa paa nimeuziba upya. Kila mwaka kabla ya mvua toa majani, osha, kagua mipira. Likitunzwa hivyo litatuzika wewe na mimi.

Lakini ngazi, dada. Ulikuwepo, ukaona. Niliisimamisha pale pale. Siku tatu mfululizo, kuanzia saa nane na nusu mpaka saa kumi, niliishika kwa mikono miwili, nimefunga macho, kama siku ile nilivyopaswa kuishika. Nilimwita. Nilimwomba radhi kwa sauti, jirani wa tawi akanichungulia juu ya ukuta akadhani nimechanganyikiwa. Hakuja. Hapakuwa na unyayo hata mmoja. Bati lilipiga miayo tu kama bati lolote.

Naona hataki kushuka kwa ngazi niliyoishika mimi. Na sina la kumlaumu.

Nilitambua pia ulivyokuwa ukifanya. Kila ilipokaribia saa tisa uliingia chumba cha kushonea, ukafungua redio kwa sauti kubwa. Nilijua unanihurumia, hukutaka kunisikia nikilia. Mungu akulipe.

Ngazi nimeiacha pale. Usiiondoe.

Mdogo wako


9 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba, tena marahaba ya pili, maana hii ni barua ambayo baada ya kuisoma huenda usinipe tena shikamoo.

Redio ile sikuifungua kwa ajili yako.

Siku ile sikuwa dukani. Nyuzi nilikuwa nazo tangu juzi yake. Nilikuwa chumba cha kushonea, namalizia nguo ya mtu aliyeitaka saa kumi. Niliwasikia mkigombana, nikasema moyoni, hao kama kawaida yao. Nikakusikia unashuka. Nikasikia ngazi inaburuzwa chini. Nilijua umeiondoa, mdogo wangu. Nilijua saa ile ile. Tena nilitabasamu, kwa sababu asubuhi alikuwa amenisema mimi vile vile, mbele ya mteja, kwamba mishono yangu imepinda kama njia ya mlevi.

Ilipofika saa tisa akaniita. Kwanza alikuita wewe, hukuitika. Ndipo akaniita mimi, kwa lile jina la utani alilokuwa akiniita nilipokuwa mdogo na maneno mengi. "Chiriku! Chiriku, niletee ngazi!" Sauti yake haikuwa ya hasira. Ilikuwa ya mtu aliyeona aibu kidogo. Nikajiambia, nikimaliza pindo hili. Akaita tena. Nikaona, mbona kila siku ni mimi, leta maji, leta misumari, acha huyo aliyeondoa ngazi airudishe. Nikafungua redio. Akaita mara nne, mdogo wangu. Ya nne niliisikia chini ya muziki.

Kisha nikasikia kishindo.

Sikusimama. Nakuandikia kweli tupu: mguu wangu uliendelea kukanyaga cherehani mpaka pindo likaisha. Nikazima redio. Nikakaa. Baada ya muda nikakusikia umerudi, nikasikia ngazi inaburuzwa tena, nikaelewa unachofanya. Ulipopiga yowe nikachukua kibunda cha nyuzi mezani, nikatoka kwa mlango wa mbele, nikazunguka kwa barabarani nikikimbia. Mimi ndiye niliyesema "Imeteleza" kabla hujafungua mdomo. Uliniitikia tu. Miaka tisa nimekuacha uendelee kuniitikia.

Nilikudanganya tena mwezi wa pili nilipoandika kwamba sisikii sauti ya mtu. Nyayo ningezivumilia. Kila siku, zikifika ukingoni, mguu ukishapapasa ukakosa, aliniita. Chiriku, niletee ngazi. Ndiyo sababu nilitaka kuliezua paa. Niliona labda yumo kwenye bati, nikiliondoa bati nitamwondoa. Na ndiyo sababu ya redio. Siku zile tatu ulizoishika ngazi ukamlilia, alikuwepo. Alikuwa juu ya kichwa chako akiniita mimi. Wewe hukumsikia kwa sababu hakuwa na neno na wewe.

Sasa sikiliza kilichotokea.

Mvua kubwa ilianza usiku ule ule ulipoondoka, ikanyesha karibu wiki mbili. Halikuvuja hata tone. Niliweka kitambaa cheupe sakafuni makusudi, kikabaki cheupe. Juzi jua likatoka. Ilipokaribia saa tisa nikafungua redio kama kawaida, na umeme ukakatika. Nyumba nzima kimya. Nikazisikia nyayo zinakuja kutoka upande wa barabarani, mbao kwa mbao, hazina haraka. Nilikuwa na gauni mapajani na sindano mkononi. Akafika ukingoni. Mguu ukapapasa. Ngazi uliyoiacha ilikuwa pale pale, na bado mguu ulipapasa kana kwamba hapana kitu.

Akaniita.

Nikaweka sindano chini. Nikasema, "Abee, baba." Sauti ilitoka ndogo, nikaogopa hakusikia. Nikasema kwa nguvu, "Abee, baba! Nakuja!"

Nikatoka na miguu mitupu. Niliishika ngazi kwa mikono miwili, nikainamisha uso kama mtu asiyestahili kutazama. Muda ukapita. Nikasikia mguu unapapasa, mara moja, mara mbili. Kisha ukagusa kipago cha juu, na ngazi ikaingia mikononi mwangu kwa uzito, mbao zikalia. Nilikaza mikono mpaka mabega yakatetemeka. Akashuka polepole, kama watu wazima wanavyoshuka, wanashusha mguu mmoja, wanauletea mwenzake. Nilihesabu vipago kumi na vinne. Vumbi la kutu lilikuwa linanidondokea nywele, na paa hilo umelipaka wewe rangi mpya wiki mbili zilizopita.

Kwenye kipago cha mwisho alishika bega langu ajizuie, kisha akakanyaga chini. Mkono ulikuwa wa moto kama bati la saa tisa. Nilisema, "Pole na kazi, baba." Sikusikia jibu. Ngazi ikawa nyepesi.

Nilipoinua uso palikuwa na jirani tu, juu ya ukuta wake, kinywa wazi. Aliniuliza ninamshikia nani ngazi. Nikamwambia amekwisha kushuka.

Leo ni siku ya tatu, na juu hakuna mtu. Sijafungua redio. Nasikia bati likitanuka na kujikunja, basi.

Usiposema na mimi tena nitaelewa. Ukisema, njoo, chumba chako nimekiacha kimetandikwa. Kule kazini waache wenzako washuke bila kuitwa majina.

Asubuhi mwenye lile gauni jeupe alikuja na nguo nyingine, akaniuliza kwa nini nimejitanda mtandio na joto lote hili. Nikamwambia nimeungua na pasi, begani. Akasema pasi gani hiyo ya kufika begani. Wewe sitakwambia ni pasi. Alama ina vidole vitano, na haiumi.

Dada yako